Msharihi ni Nani? Maana na Asili ya Neno Adimu katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Msomaji anayefikia mwisho wa diwani ya Kiswahili aghalabu hukuta kurasa chache zenye kichwa "Sherehe". Mwanafunzi asiyezoea huduwaa. Sherehe gani tena baada ya beti za msiba, kifungo na dhiki? Akisonga mbele hugundua kwamba hakualikwa arusini. Ameletewa orodha ya maneno magumu pamoja na maana zake. Katika vitabu vingine orodha hiyo hiyo huitwa faharasa, na katika vingine msamiati tu. Kazi moja, basi, ina majina matatu. Aliyeifanya kazi hiyo hana jina hata moja lililozoeleka. Mtunzi huitwa malenga, anayesahihisha muswada huitwa mhariri, anayehukumu kazi huitwa mhakiki, anayeihamisha kutoka lugha moja hadi nyingine huitwa mfasiri. Yule aliyekaa na kuamua kwamba neno fulani katika ubeti fulani lina maana hii na si ile, huyo hupita bila kuitwa. Makala haya yanachunguza neno linalomstahiki, yaani msharihi, na kudai kwamba uchache wa matumizi yake umeudhuru uhakiki wenyewe.

Neno hili linaundwa kwa njia isiyo na utata. Kama kuhakiki kunavyotoa mhakiki, na kufasiri kunavyotoa mfasiri, ndivyo kusharihi kunavyotoa msharihi. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye konsonanti tatu: shini, ra, na ha ile ya kooni. Maana yake ya msingi si kueleza. Ni kupasua, kukata nyama vipande vyembamba ili ndani yake paonekane. Kutokana na mzizi huu Waarabu wana sharha, yaani kipande chembamba kilichokatwa, na tashrihi, jina la elimu ya kupasua miili na kuchunguza viungo vyake. Kutoka kupasua nyama, maana ilipanda hadi kupasua maneno: kitabu cha sharhi ni kitabu kinachoufungua matini ya mwingine, na anayekiandika huitwa sharihi, wingi wake shurrahi. Msharihi, kwa asili, ni mtu mwenye kisu.

Lakini mzizi huo huo una tawi la pili. Kifua nacho hupasuliwa, yaani hufunguliwa, kikapata nafasi baada ya kubanwa. Sura ya 94 ya Kurani huitwa Ash-Sharh, na jina lake jingine ni Al-Inshirah. Zote mbili zinahusu kukunjuliwa kwa kifua. Inshirahi ni furaha ya moyo uliopanuka. Hapa ndipo sherehe mbili za Kiswahili zinapokutana. Kamusi zinaweza kuziorodhesha kama vidahizo viwili, kana kwamba ni watu wawili wasiojuana waliogongana kwa bahati kwenye mlango wa herufi S. Kwa mtazamo wa mzizi ni ndugu wa tumbo moja: moja ni kufunguka kwa maana, ya pili ni kufunguka kwa moyo. Wazee wa pwani walioandika "Sherehe" juu ya orodha ya maneno yao hawakukosea wala hawakutania.

Ajabu iliyopo ni kwamba tawi la furaha lilizaa sana, na tawi la maelezo likadumaa. Furaha ilipata kitenzi, kusherehekea. Ikapata na mtendaji wake, mshereheshaji, ambaye siku hizi hushika kipaza sauti harusini na kuwapanga wageni. Maelezo yalibaki na nomino moja iliyofichwa nyuma ya kitabu. Sababu mojawapo inaweza kutafutwa katika historia ya neno jirani. Katika Kiarabu, tafsiri ni ufafanuzi wa matini, hasa wa Kurani, na kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine ni tarjama. Kiswahili kilizipokea zote mbili, ndiyo maana wapo waliosema kutarjumi. Hata hivyo, tafsiri ilikalia kiti cha tarjama, na leo mfasiri kwa watu wengi ni mtu wa kuhamisha lugha. Kiti cha ufafanuzi kilipoachwa wazi, ilitarajiwa kwamba msharihi angekikalia. Hakukikalia. Badala yake palitumwa maneno ya jumla kama mfafanuzi na mwelezaji, ambayo yanamfaa hata anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Inafaa kulinganisha na Wagiriki, kwa kuwa wao ndio waliotoa istilahi inayotumiwa na wataalamu wa Ulaya. Kwao glossa ilikuwa ulimi, kisha lugha. Aristotle, katika maandishi yake juu ya ushairi, analitumia neno hilo kwa maana ya pekee: neno geni, linalotumiwa na watu wengine na si na hadhira inayosikiliza. Lugha ya Homer ilikuwa imejaa maneno ya aina hiyo, na katika mchezo wa Aristophanes ulioigizwa mwaka wa 427 kabla ya Kristo, baba anamtahini mwanawe maana ya maneno magumu ya Homer. (Walimu wa leo wasidhani wao ndio waliobuni adhabu hiyo.) Yapata mwaka wa 300 kabla ya Kristo, Philitas wa Kos, mshairi na mwanachuoni, alikusanya maneno kama hayo katika kitabu. Tangu hapo pakawa na waandishi wa glossa. Polepole jina likahama: lililokuwa jina la neno gumu likawa jina la maelezo yanayoliondolea ugumu, kana kwamba jina la ugonjwa limegeuka kuwa jina la dawa. Istilahi ya Kigiriki, kwa hiyo, inamtambulisha mtu huyu kwa ugeni wa maneno anayoyashughulikia. Istilahi ya Kiarabu na Kiswahili inamtambulisha kwa tendo lake. Ya pili ni bora kwa mhakiki, kwa sababu tendo linaweza kuulizwa maswali: alikata wapi, kwa nini hapo, na aliharibu nini alipokata?

Katika vyuo vya pwani, utaratibu wa matini na sharhi haukuwa mgeni. Mwanafunzi alisoma matini fupi, mara nyingi ya kukaririwa, na mwalimu akamfungulia kwa sharhi ya wanachuoni waliotangulia. Kwa ushairi wa Kiarabu mifano ni mingi. Sharhi ya al-Zawzani, aliyefariki mwaka wa 1093, juu ya zile kasida maarufu za kabla ya Uislamu imesomwa kwa karne nyingi. Waswahili hawakuishia kusoma. Hamziyya ya al-Busiri wa Misri ilipotiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, ubeti wa Kiswahili uliandikwa sambamba na ubeti wa Kiarabu, mmoja ukifuatwa na mwingine. Kazi hiyo kwa desturi huhesabiwa kuwa tafsiri. Kwa umbo lake kwenye karatasi ni sharhi pia, kwani Kiswahili kimewekwa pale ili kumfungulia Kiarabu msomaji asiyekijua vyema. Wakati umeigeuza kazi hiyo kichwa chini. Kiswahili cha Aidarus ni cha kale mno hivi kwamba msomaji wa leo mwenye Kiarabu kizuri hutumia Kiarabu kumfungulia Kiswahili. Msharihi amekuwa ndiye anayehitaji sharhi.

Jambo linalouma zaidi limo katika historia ya jinsi ushairi wa kale ulivyofika kwenye vitabu vilivyochapishwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalimfikia William Taylor, mmishonari wa Kiingereza, kupitia kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Hichens aliyachapisha Johannesburg mwaka wa 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayachambua katika kitabu chake cha mwaka wa 1979. Ni nani aliyejua kwamba ubeti fulani ulikuwa jibu kwa washairi wa Lamu, au kwamba neno fulani lilikuwa kijembe kwa mtu mahususi? Muyaka alikuwa amekwisha kufariki. Alijua Mwalimu Sikujua. Ni kichekesho cha lugha kwamba mjuzi mkubwa wa maana za mashairi hayo alikuwa na jina linalokana ujuzi. Huko Lamu, Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, aliwaandikia Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann hati za tenzi na kuwasaidia kuzielewa. Katika utangulizi wa vitabu vya Wazungu, watu kama hawa hushukuriwa kwa kutoa hati au kwa kutoa habari. Mtoa habari ni nani? Ni mtu aliyeulizwa akajibu, kama shahidi mahakamani. Msharihi ni mtu aliyeamua. Neno hili lingalitumiwa, sehemu kubwa ya historia ya uhakiki wa Kiswahili ingalianzia kwa Sikujua na Kijumwa, si kwa wahariri waliozipokea kazi zao.

Kwamba kuna uamuzi katika kazi hii, mfano mdogo unatosha. Kimvita na Kiamu zina t mbili, moja ya menoni na nyingine ya ufizini. Ile ya menoni mara nyingi husimama mahali pa ch ya Kiswahili sanifu: mato ni macho, kitwa ni kichwa. Vivyo hivyo, kuteka kwa t ya menoni ni kucheka, na kuteka kwa t ya ufizini ni kuchota maji au kuchukua mateka. Alfabeti ya Kirumi inayotumiwa mashuleni huziandika zote mbili kwa t ile ile. Hati ya Kiarabu ya kawaida nayo ilikuwa na upungufu wake, na Mwalimu Sikujua alijishughulisha kuirekebisha ili sauti kama hizi zitofautishwe. Sasa mwanafunzi wa Kakamega au Meru anakutana na mshairi wa Mombasa anayesema kwamba mpenziwe "alimteka". Alimcheka? Alimteka nyara? Mshairi mjuzi anaweza kuwa ameyataka yote mawili, hasa kwa kuwa katika mapenzi ya ushairi kucheka ndiyo njia ya kuteka. Sherehe inayoandika "teka: cheka" imemwondolea mwanafunzi taabu na imemwondolea shairi pia. Isiyoandika chochote imemwacha akidhani ni vita. Msharihi hana njia ya kukwepa; hata kunyamaza kwake ni uamuzi.

Hapa inaonekana pia tofauti kati ya sherehe ya mwenye ujuzi na ya mwenye haraka. Anayeorodhesha mato, kitwa, mtele na maneno mengine kumi, kila moja na kisawe chake sanifu, amempa msomaji samaki kumi. Aliyeeleza kanuni ya t na ch kwa sentensi mbili amempa mshipi na chambo, na tena amemwonyesha kwamba Kimvita si Kiswahili kilichokosewa. Diwani nyingi za shule hufuata njia ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba lahaja zilizobeba ushairi wa karne tatu huonekana kama orodha ya vizuizi.

Mfano wa pili ni wa neno lisilo na utata wa sauti, ila lina uzito wa historia. Gongwa ni jina la kale la Mombasa. Likitajwa katika ushairi wa Kimvita, sherehe ya kawaida husema: "Gongwa: Mombasa." Hakuna kosa. Hata hivyo, mji huo una majina zaidi ya moja, na kila jina lina mwenyewe. Mvita huhusishwa na Shehe Mvita. Gongwa huhusishwa na Mwana Mkisi, mwanamke ambaye kwa mujibu wa masimulizi ndiye aliyetawala kabla ya ukoo wa Shehe Mvita kushika mji. Mshairi wa zama za Muyaka, wakati Wamazrui wa Mombasa wakivutana na Lamu na baadaye na Seyyid Said, akichagua kuuita mji kwa jina la zamani zaidi, anaurudisha nyuma kabla ya wote wanaougombea na kuupa hadhi isiyotegemea mtawala wa leo. Usomaji huu unaweza kupingwa. Labda ni vina na mizani tu vilivyomsukuma mshairi. Lakini ili upingwe, sharti kwanza uwepo. Kisawe kimoja baada ya nukta mbili hakipingiki, na ndiyo hatari yake.

Wapo watakaosema kwamba shida yote hii inaondoka iwapo mshairi atatumia lugha inayoeleweka. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974 na kutetea ushairi wa lugha ya kawaida ya watu. Ilikuwa hoja ya haki dhidi ya wale waliodhani kwamba neno likiwa halieleweki basi shairi limepanda cheo. Ila hoja hiyo inamhusu mtunzi wa leo. Haimhusu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, wala Mwana Kupona aliyetunga utendi wake mwaka wa 1858. Hao hawawezi kuombwa waandike upya. Tena Kezilahabi mwenyewe huhitaji sharhi, japo si ya msamiati. Maneno yake hufahamika moja moja na picha zake zikagoma. Ugumu ulihama kutoka neno hadi taswira, na hakuna aliyeandaa orodha ya taswira nyuma ya kitabu.

Upande wa pili alisimama Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka wa 1927 na kufariki mwaka wa 2017. Yeye alilikabili tatizo kwa namna isiyo ya kawaida. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka wa 1979, alitunga juu ya uundaji wa chombo cha baharini cha Lamu. Katika Umbuji wa Mnazi, ya mwaka wa 1985, alitunga juu ya mnazi na mazao yake. Tungo zote mbili zimekusudiwa kuhifadhi majina ya vitu kabla wajuao hawajaondoka. Yaani Nabhany hakungoja msharihi aje nyuma ya kitabu. Aliiweka sherehe ndani ya shairi lenyewe. Wapo wahakiki wanaoona kwamba katika tungo hizo mshairi humezwa na mwanakamusi, na zipo sehemu ambapo lawama hiyo inashika. Lakini mtu anayejua kwamba kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi ni umri tofauti wa tunda moja atakubali kwamba kuna orodha ambazo tayari zina mwendo wa kisa. Nabhany alilisikia hilo. Orodha ya nyuma ya kitabu, iliyopangwa kwa alfabeti, ingeyatawanya maneno hayo matano na kuua umri wake.

Hofu iliyobaki ni kwamba msharihi akipewa jina na heshima atageuka mtawala wa shairi. Hofu hii ina msingi. Huko Bologna, Italia, katika karne za 12 na 13, wanasheria walioitwa glossatores waliandika maelezo pembezoni mwa sheria za kale za Kirumi. Accursius, aliyefariki mwaka wa 1263, aliyakusanya maelezo yao katika mkusanyo mmoja wenye vifungu zaidi ya 96,000. Mkusanyo huo ulipata mamlaka kiasi kwamba sheria isiyokuwa na maelezo yake haikutiliwa maanani mahakamani. Pambizo lilikula ukurasa. Katika madarasa ya Kenya jambo kama hilo hutokea kwa kiwango kidogo kila mwaka: mwanafunzi hukariri sherehe na mwongozo, huzirudisha kwenye karatasi ya mtihani, na shairi halimgusi popote. Tofauti ni kwamba Accursius alijulikana kwa jina, na waliokuja baadaye waliweza kumjibu. Sherehe isiyo na mwenyewe haijibiwi. Mwanafunzi anayeisoma hudhani kwamba ni lugha yenyewe iliyosema.

Mwenye sherehe akijulikana, hata umbo la sherehe hubadilika. Kidahizo cha Gongwa kingesema kwamba ni jina la kale la Mombasa. Kingetaja kwamba masimulizi hulifungamanisha na Mwana Mkisi, na jina la Mvita na Shehe Mvita. Kingependekeza kwamba huenda mshairi amelichagua kwa sababu hiyo. Na kingekiri kwamba mizani nayo ingeweza kulidai. Kidahizo cha teka kingetaja t zote mbili, kionyeshe ni ipi iliyomo katika hati ya Kiarabu iwapo hati ipo, na kama haipo, kimwambie msomaji kwamba uchaguzi ni wa msharihi. Mchapishaji atalalamika kuhusu kurasa, na malalamiko yake ni ya kweli, kwa maana maneno mawili tu yamekwisha kujaza aya nzima. Basi na orodha iwe na maneno machache. Mengi kati ya yale yanayojaza sherehe za sasa yamo katika kamusi yoyote iliyo juu ya meza ya mwalimu, na msomaji anaweza kuinuka na kuyatafuta mwenyewe.